Kiinitete kimoja au viwili? Jibu kwa mwalimu wa Urambo

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Urambo, nina umri wa miaka 33, na mume wangu analima tumbaku. Tuna miaka minane ya ndoa na hatujapata mtoto. Kipimo cha picha kilionyesha kwamba mirija yangu yote miwili imeziba. Mbegu za mume wangu zilipimwa zikaonekana nzuri. Kliniki moja ya Dar es Salaam imetuambia tujiandae kwa shilingi milioni 15 kwa ajili ya upandikizaji, yaani mayai yangu yarutubishwe maabara kisha yarudishwe tumboni. Fedha hizo tumezikusanya kwa misimu mitatu ya tumbaku, na nyingine nimekopa kwa dhamana ya mshahara. Sasa wametuuliza kama tungependa kupandikizwa viinitete viwili, yaani mayai mawili yaliyokwisha kurutubishwa na kuanza kukua. Mume wangu na mama mkwe wanasema tukubali ili tupate Kulwa na Doto kwa safari moja, tumalize. Wifi yangu ananishauri nianze kwanza na vidonge vya kupevusha mayai, kwa kuwa yeye vilimsaidia. Je, mapacha wa namna hii wana hatari gani? Na je, ni kweli kwamba ni nafuu?

Jibu: Marahaba, mwalimu, na pole kwa miaka minane ya kusubiri. Nimefanya kazi ya uzazi mkoani Tabora kwa muda mrefu, kwa hiyo ninayajua maneno ambayo mwanamke asiye na mtoto huyasikia msibani, kisimani na hata jikoni kwa wakwe zake. Ninaelewa kwa nini mtu aliyebeba maneno hayo miaka minane anapoahidiwa watoto wawili kwa mpigo huona ni fidia aliyostahili. Hata hivyo ushauri wangu ni kwamba uombe kupandikizwa kiinitete kimoja, vile vingine vilivyo vizuri vigandishwe na kutunzwa, na kama cha kwanza hakikushika, urudi kwa ajili ya cha pili. Sababu zangu nitazieleza kwa urefu, kwa kuwa nanyi mna haki ya kuzipima.

Niliondoe kwanza suala la vidonge. Dawa anayoizungumzia wifi yako bila shaka ni klomifeni au ya jamii yake, ambayo kazi yake ni kuichochea ovari ipevushe yai kwa mwanamke ambaye mayai yake hayapevuki inavyotakiwa. Dawa hiyo haizibui mirija. Kwako wewe itapevusha yai ambalo halina njia ya kukutana na mbegu, na endapo mrija mmoja una upenyo mdogo uliobaki, yai linaweza kurutubishwa likanasa humo humo, mimba ikatunga nje ya mfuko wa uzazi, jambo ambalo huua. Tena hata kwa yule anayefaa kuitumia, kati ya mimba 100 zinazopatikana kwa klomifeni, 5 hadi 10 hivi huwa za mapacha, na ndiyo maana haifai kununuliwa dukani na kumezwa bila daktari wa kufuatilia mayai kwa ultrasaundi. Kwa mirija iliyoziba pande zote mbili, upandikizaji mliouchagua ndio njia yenye maana.

Sasa nije kwenye upandikizaji wenyewe. Mwanamke huchomwa sindano za homoni ili mayai mengi yapevuke kwa pamoja, mayai hayo huvunwa, hukutanishwa na mbegu maabara, na baada ya siku tatu hadi tano kiinitete kilichokua vizuri huwekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Mtoto wa kwanza aliyepatikana kwa njia hii alizaliwa Uingereza mwezi Julai 1978. Katika miaka ya mwanzo viinitete vingi havikushika, kwa hiyo madaktari walizoea kuweka vitatu, vinne au zaidi wakitumaini kwamba angalau kimoja kitaota. Maabara zilipoboreka, vikaanza kuota viwili na vitatu kwa pamoja, na wodi za watoto njiti zikajaa. Mwezi Januari 2009 mwanamke mmoja wa Marekani alijifungua watoto wanane kwa mkupuo baada ya kuwekewa viinitete 12, na baraza la madaktari la jimbo lake lilimfutia leseni daktari aliyefanya hivyo.

Kwa asili, duniani kote, mimba ya mapacha hupatikana takriban mara moja katika kila mimba 80 hadi 90, ingawa sisi Waafrika tunao wengi kuliko watu wa Asia. Ukiwekewa viinitete viwili vizuri katika umri kama wako, nafasi ya kwamba mimba ikishika itakuwa ya mapacha hufikia karibu theluthi moja. Ukiwekewa kimoja, nafasi hiyo hushuka hadi asilimia moja au mbili, yaani pale tu kiinitete hicho kinapogawanyika chenyewe.

Najua swali linalofuata kichwani mwako, kwa sababu kila mwanamke huniuliza: je, nikiwekewa kimoja sitapunguza nafasi yangu ya kupata mtoto? Swali hili lilijibiwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliowahusisha wanawake 661 wa Sweden, Norway na Denmark, wote chini ya miaka 36 na wote wakiwa na viinitete viwili vizuri au zaidi. Nusu yao waliwekewa viwili kwa pamoja. Nusu nyingine waliwekewa kimoja, na ambaye hakupata mtoto kwa hicho alirudi akawekewa kingine kilichokuwa kimegandishwa. Waliopata mtoto aliye hai katika kundi la viwili kwa pamoja walikuwa asilimia 43, na katika kundi la kimoja kimoja walikuwa asilimia 39. Tofauti ni ndogo. Lakini tazama upande wa pili: kati ya waliojifungua katika kundi la kwanza, asilimia 33 walizaa mapacha, wakati katika kundi la pili hata asilimia moja haikufika. Mwalimu, huo ndio msingi wa ushauri wangu. Kiinitete chako cha pili hakipotei kwa kutokuwekwa leo. Hukaa ndani ya nitrojeni kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na siku kikihitajika huyeyushwa. Njia za kugandisha zinazotumika siku hizi ni bora kuliko zile za wakati wa utafiti ule.

Hatari za mapacha huanza kwa mama. Shinikizo la damu la ujauzito, ambalo likiachwa huishia kwenye kifafa cha mimba, huwapata wenye mimba ya mapacha mara mbili hadi tatu zaidi ya wenye mimba ya mtoto mmoja, na mimba za upandikizaji huongeza hatari hiyo kidogo hata mtoto akiwa mmoja. Damu hupungua, kwa sababu watoto wawili hunyonya madini ya chuma kutoka kwa mwili mmoja, na hapa kwetu malaria huongeza pigo juu ya pigo. Kisukari cha mimba huwapata wengi zaidi, na kujifungua kwa upasuaji vilevile. Ninachokihofia kuliko vyote ni damu inayotoka baada ya kujifungua: mfuko uliotanuliwa na watoto wawili huchoka, na mara nyingi hushindwa kujikaza haraka ili kuibana mishipa iliyokuwa ikilisha kondo la nyuma, hivyo mama anaweza kupoteza damu nyingi ndani ya dakika chache. Katika hospitali yenye damu ya kuongeza na dawa za kukaza mfuko tunaiwahi. Katika zahanati iliyo kilomita nyingi kutoka barabara kuu ya Tabora na Kigoma, muda hautoshi.

Kwa watoto, tatizo kubwa ni kuzaliwa kabla ya wakati. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37, na takriban mmoja katika kila kumi kabla ya wiki 32. Mtoto wa wiki 30 hana mapafu yaliyokomaa, hajui kunyonya na kupumua kwa pamoja, hupoteza joto kama chungu kilichoepuliwa, na ngozi yake ni nyembamba kiasi kwamba vijidudu hupenya kirahisi. Baadhi ya wanaopona hubaki na kasoro za macho, masikio au mwendo, na mtindio wa ubongo huwapata mapacha mara nne hivi zaidi ya mtoto aliyezaliwa peke yake. Mapacha wanaotumia kondo moja la nyuma wana hatari yao ya ziada, kwani katika mimba 10 hadi 15 kati ya 100 za aina hiyo mishipa huungana vibaya na damu ya mmoja ikahamia kwa mwenzake, mmoja akakauka na mwingine akaelemewa.

Naomba nikusimulie kisa kimoja, kwa kuwa bado ninacho moyoni. Miaka kadhaa iliyopita alinifikia mama aliyekuwa amepandikizwa mbali na hapa, kwenye kliniki ambayo sitaitaja. Alirudi kijijini akiwa na furaha na bila karatasi yoyote: hakuambiwa viinitete vingapi viliwekwa, wala tarehe hakuandikiwa. Chupa ilipasuka kabla ya siku zake, na kwa kipimo cha tumbo tulikisia kwamba alikuwa na wiki 29. Watoto walizaliwa na gramu 1,100 na gramu 980. Mdogo alifariki siku ya nne. Mkubwa alikaa wodini wiki saba, na baba yake aliuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine kugharamia chakula, nauli na dawa zilizokosekana. Mtoto huyo sasa anakwenda shule, na ninamshukuru Mungu kila nikimwona. Lakini mama yake aliniambia neno ambalo sijalisahau: kwamba kama angejua, angeomba mmoja.

Hapo ndipo swali lako la gharama linapopata jibu. Hesabu ya mama mkwe inahesabu safari ya kwenda kliniki, nayo kwa upande huo ni sahihi: safari moja ni nafuu kuliko mbili. Haihesabu yanayofuata. Kliniki hulipwa kabla, na kazi yake huishia kipimo cha mimba kinapoonyesha mistari miwili. Bili ya familia huanzia hapo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013, uliotumia kumbukumbu za malipo ya bima, ulikuta kwamba gharama za matibabu ya mama na mtoto, kuanzia ujauzito hadi mtoto kufikisha mwaka mmoja, zilikuwa wastani wa dola 21,000 hivi kwa mtoto mmoja, dola 105,000 kwa mapacha, na zaidi ya dola 400,000 kwa watoto watatu. Mapacha, basi, hawakugharimu mara mbili ya mtoto mmoja. Waligharimu mara tano. Bei za kwetu si hizo, lakini chanzo cha tofauti ni kile kile, nacho ni siku za kulazwa.

Ubelgiji waliiona hesabu hii mapema. Tangu mwaka 2003 bima ya taifa hilo humlipia mwanamke aliye chini ya miaka 43 hadi mizunguko sita ya upandikizaji, kwa sharti kwamba idadi ya viinitete vinavyowekwa ina ukomo, na mwanamke kijana katika mzunguko wa kwanza huwekewa kimoja tu. Serikali ilikubali kulipia mizunguko mingi kwa sababu fedha inazookoa kwenye wodi za watoto njiti zinafidia gharama hiyo.

Tuihesabu sasa kwa Urambo. Sera yetu inasema wajawazito na watoto chini ya miaka mitano hutibiwa bure katika vituo vya umma, na msamaha huo husaidia kweli, lakini kila aliyewahi kuuguza anajua kwamba hautoi nauli, hautoi chakula cha anayeuguza, na hautoi dawa siku ambayo dirisha la famasi halinayo. Mapacha wakizaliwa na wiki 30, watakaa hospitali ya mkoa kati ya wiki tano na nane hivi, takriban kilomita 90 kutoka nyumbani kwako, na wewe utatakiwa kuwepo kukamua maziwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Ndugu mmoja atahitajika kukaa nawe. Kama ni msimu wa kuchuma tumbaku na kuchoma bani, yaani kuikausha kwa moto, mume wako atachagua kati ya zao na wodi, au atalipa vibarua kwa kazi ambayo mngeifanya wenyewe. Mmoja wa watoto akihitaji huduma ambayo haipo Tabora, mtapewa rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza, au Dodoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku nyingi za likizo hiyo zinaweza kuishia wodini kabla hujawapeleka watoto nyumbani. Na mkopo wa mshahara utaendelea kukatwa mwezi hadi mwezi.

Kwa upande mwingine, safari ya pili kwa ajili ya kiinitete kilichogandishwa si kurudia milioni 15. Hakuna sindano nyingi za kuchochea mayai wala kuvuna mayai upya, na hizo ndizo sehemu kubwa ya bili ya kwanza. Kuna ada ya kugandisha, ada ya kutunza ambayo kwa kawaida hulipwa kwa mwaka, na ada ya kuyeyusha na kupandikiza. Waombeni wawaandikie kila ada kwa tarakimu yake kabla hamjalipa hata shilingi, na muulize pia ni asilimia ngapi ya viinitete vyao vilivyogandishwa huamka salama. Kadi yako ya bima ya utumishi nayo usiichukulie kama jibu la kila kitu: nenda ofisini kwao ukaulize watoto wachanga wanaolazwa wiki nyingi wanahudumiwa kwa utaratibu gani na husajiliwa ndani ya muda upi.

Sisemi kwamba viinitete viwili haviwekwi kamwe. Kwa mwanamke aliyekaribia miaka 40 au kuipita, au aliyekwisha kupandikizwa mara kadhaa bila kufanikiwa, au ambaye viinitete vyake ni dhaifu, daktari anaweza kupendekeza viwili kwa sababu nzuri. Wewe una miaka 33, ni mara yako ya kwanza, na tatizo lako ni mirija, si mayai. Katika hali hiyo, anayekuwekea viwili anakuongezea hatari kubwa kwa faida ndogo. Kuna pia jambo ambalo baadhi ya kliniki hulisema haraka mno: sindano za kuchochea mayai zinaweza kuzivimbisha ovari kupita kiasi, tumbo likajaa maji na pumzi ikabana, na mimba ikishika hali hiyo huzidi. Iwapo daktari atakuambia usipandikizwe mwezi huo, vigandishwe vyote kwanza, usione kwamba wanakuzungusha.

Na kama mtaamua viwili, au kimoja kikagawanyika, mapacha watakaokuja watapokelewa kwa mikono miwili, na yapo mengi ya kufanya. Ultrasaundi kati ya wiki ya 11 na ya 14 ni ya lazima, kwa sababu huo ndio wakati ambapo idadi ya makondo huonekana wazi. Daktari atakuandikia dozi ndogo ya aspirini, ambayo hufaa zaidi ikianzwa kabla ya wiki ya 16, ili kupunguza hatari ya kifafa cha mimba; utameza madini ya chuma na foliki asidi; utalala ndani ya chandarua chenye dawa; na dawa ya SP ya kuzuia malaria utaipata kliniki kila mwezi kuanzia wiki ya 13. Kuanzia wiki ya 32 ningependa uwe umehamia karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua. Uchungu ukikuanza mapema, sindano za deksamethasoni za kukomaza mapafu ya watoto zinaokoa maisha, mradi ufike kabla hujajifungua. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, damu au maji yakitoka, usisubiri kupambazuke: piga 115, namba ya bure ya usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga. Na wakizaliwa wadogo, njia ya kangaruu, ya kumweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi saa nyingi za siku, ni tiba kamili ambayo Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza ianze mara tu mtoto anapozaliwa. Kwa mapacha vifua viwili vinahitajika, na hapo mama mkwe na baba mtoto watakuwa na kazi ya maana kuliko ushauri wowote.

Mweleze mama mkwe haya kwa upole, ikiwezekana mume wako akiwa ndiye msemaji, na mumwambie kwamba kuanza na mmoja hakufungi mlango wa wa pili, kwa kuwa atakuwa amehifadhiwa akisubiri zamu yake. Kisha mkirudi kutoka Dar es Salaam, msirudi bila karatasi. Iandikwe tarehe ya kupandikizwa, umri wa kiinitete siku hiyo, na idadi iliyowekwa. Kiinitete cha siku tano kinapowekwa, mimba huhesabiwa kuwa na wiki mbili na siku tano siku hiyo hiyo. Kwa karatasi hiyo mkunga wa Urambo na daktari wa Tabora watazijua wiki zako bila kukisia. Kipimo kikionyesha mimba, fika na karatasi hiyo kliniki ya wajawazito kabla ya wiki ya 12.